Msimvundike Chipukizi

Januari 2015, klabu ya hoki ya barafuni ya Edmonton Oilers ya Kanada ilimtoa Leon Draisaitl katika kikosi chake cha NHL, ligi kuu ya mchezo huo, ikamrudisha ligi ya vijana. Mjerumani huyo alikuwa na miaka 19, na miezi michache kabla ya hapo alikuwa amechaguliwa wa tatu katika uteuzi wa vijana wa mwaka 2014. Katika mechi 37 alikuwa na mabao 2 na pasi 7 za mabao. Akaenda Kelowna, British Columbia, akawa mtu wa kutegemewa: timu ikatwaa ubingwa wa ligi ya vijana ya WHL, naye akatangazwa mchezaji bora wa mashindano ya vijana ya Kombe la Memorial, ingawa fainali walifungwa. Mwaka 2020 kijana huyo huyo aliyerudishwa alipewa Tuzo ya Hart, inayokwenda kwa mchezaji mwenye manufaa makubwa kuliko wote kwa timu yake, baada ya msimu wa pointi 110, yaani mabao na pasi za mabao kwa jumla.

Namtanguliza Draisaitl kwa sababu familia nyingi huchukulia kurudishwa chini kuwa ni fedheha, na fedheha hiyo ndiyo huwafanya wazazi, mawakala na hata makocha wamharibu mtoto mwenye kipaji. Familia zetu haziko tena nje ya habari hii. Watoto wa watu waliotoka Nairobi, Mombasa, Bukavu na Dar es Salaam wanakulia Toronto, Edmonton, Minneapolis na Stockholm, na baadhi yao wamevaa viatu vya kuteleza tangu wakiwa na miaka minne. Johnny Oduya, ambaye baba yake ni Mkenya, alizaliwa Stockholm akabeba Kombe la Stanley, la mabingwa wa NHL, mara mbili na Chicago, 2013 na 2015. Bokondji Imama, mzaliwa wa Montreal wa wazazi kutoka Kongo, alifika NHL mwaka 2022. Wengine wako njiani. Kwa hiyo haya ninayosema ni kwa mzazi, mlezi, mjomba anayepigiwa simu ya ushauri, na kocha yeyote aliyekabidhiwa kijana wa aina hiyo.

Neno langu kuu ni hili: usiulize kijana yuko timu gani. Uliza anacheza dakika ngapi, na akikosea anafanywa nini.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu kwa karibu, hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kila upande akiwemo kipa, wakigombea kisahani cheusi cha mpira mgumu. Mechi ni dakika 60, lakini hakuna anayekaa uwanjani muda wote isipokuwa kipa. Wachezaji hupokezana kwa zamu fupi za kama sekunde 45, washambuliaji wakiwa makundi manne ya watu watatu watatu, mabeki jozi tatu. NHL ina klabu 32, na kila mwaka klabu hizo huchagua vijana, wengi wao wa miaka 18. Chini yake kuna ligi ya AHL, ambako klabu za juu hulea watu wao. Pembeni kuna ligi tatu za vijana za Kanada, vyuo vikuu vya Marekani, na ligi za watu wazima za Ulaya. Chipukizi anaweza kuwekwa popote kati ya hapo, na kumchagulia mahali ndiyo kazi yenyewe.

Sasa tufanye hesabu. Kundi la kwanza la washambuliaji hupata dakika 18 mpaka 20 kwa mechi. Kundi la nne hupata nane, pengine pungufu. Mtoto wa miaka 19 akikaa NHL katika kundi la nne kwa mechi 60, atakuwa amecheza dakika 480. Mechi hizo hizo 60 akizicheza AHL katika kundi la kwanza, atakuwa amecheza dakika 1,200, na ndani yake zimo zile dakika za thamani ambapo mpinzani ametolewa mtu kwa adhabu na kipaji kinapata nafasi ya kupumua. Tena dakika nane za kundi la nne si dakika za kujifunza kubuni. Anaambiwa akimbie, agonge, asukume kisahani mbele, atoke. Mtoto aliyechaguliwa kwa sababu anaona pasi ambazo wenzake hawazioni anafundishwa kutotafuta pasi. Wanaofurahi ni jamaa wanaopiga picha jina lake kwenye ubao wa matangazo.

Hapo ndipo mkataba unapoingia, na mzazi asiyeujua atayumbishwa. Kijana anayesaini akiwa na miaka 18 au 19 hupewa mkataba wa kwanza wa miaka mitatu. Akicheza NHL mechi tisa au pungufu msimu huo, mwaka wa kwanza wa mkataba hauhesabiki, unasogezwa mbele. Akigusa mechi ya kumi, umeanza kuliwa. Ndiyo maana utaona klabu inamwachia mtoto acheze tisa kisha inamrudisha. Msilie wala msimtafute mchawi. Mechi tisa ni zawadi: ameona kasi, ameona ukubwa wa watu, amejua anachokosa. Sharti la pili linahusu waliotoka katika ligi tatu za Kanada, yaani OHL, WHL na QMJHL. Kwa miaka mingi, kijana wa huko aliye chini ya miaka 20 hakuruhusiwa kupelekwa AHL. Ilikuwa ama abaki NHL, ama arudi kwa vijana wenzake. Masharti haya hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo mwulizeni wakala yanasomekaje mwaka mnaosaini. Mwulizeni kabla ya kusaini, tena awajibu kwa maandishi. Na kama chuo kikuu cha Marekani bado kimo katika mawazo yenu, kumbukeni kuwa mkataba wa NHL hufunga mlango huo. Chuo hucheza mechi chache, nyingi mwishoni mwa wiki, na siku zinazobaki ni za kujenga mwili na kusoma. Kwa mtoto mwembamba anayekua polepole, hiyo ni njia njema sana.

Klabu iliyoitetea subira kuliko zote katika miaka yangu ya kuufuatilia mchezo huu ni Detroit Red Wings wakati wa meneja Ken Holland. Pavel Datsyuk alichaguliwa wa 171 mwaka 1998, akaachwa kwao Urusi mpaka 2001. Henrik Zetterberg alichaguliwa wa 210 mwaka 1999, akaachwa Sweden mpaka 2002. Wote wawili walikuja wakiwa watu wazima, na mwaka 2008 wakabeba Kombe la Stanley, Zetterberg akiwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Gustav Nyquist na Tomas Tatar nao waliwekwa Grand Rapids, katika AHL, wakatwaa ubingwa wa ligi hiyo mwaka 2013 ndipo wakapandishwa wabaki NHL. Ndizi ya kuvundikwa hugeuka njano haraka, lakini ukiimenya unaona haikukomaa. Detroit walikataa kuvundika. Oduya wetu naye ni wa mkondo huo: alichaguliwa mwaka 2001 akiwa wa 221, akaendelea kucheza kwao Sweden, na mechi yake ya kwanza ya NHL aliicheza New Jersey mwaka 2006 akiwa na miaka 25. Alimaliza na mechi zaidi ya 800.

Lakini subira nayo ina mwisho, na mlezi makini lazima aujue. Detroit ya miaka ile ilijaa wakongwe hodari, kwa hiyo kumweka mtoto chini hakukuwagharimu ushindi. Klabu nyingine husema subira kumbe zimemsahau. Kijana anayefunga apendavyo huko chini huanza kujifunza uvivu: anashika kisahani muda mrefu mno kwa kuwa hakuna wa kumpokonya, anakaba kwa macho, anapumzika katikati ya zamu. Wengine hawahitaji hata siku moja ya kusubiri. Sidney Crosby aliingia mwaka 2005 akiwa na miaka 18, akapata pointi 102. Watoto wa namna hiyo ni wachache sana, na hujulikana mapema.

Kwa waliobaki, mimi huangalia anavyocheza pale ambapo hana kisahani. Anarudi nyuma bila kuambiwa? Anageuza kichwa kuchungulia bega lake kabla pasi haijamfikia, ili ajue tayari nani yuko nyuma yake? Katika mechi ya tatu ndani ya siku nne miguu yake bado ipo, au anaanza kushika watu kwa gongo na kupewa adhabu? Mwisho, huko juu kuna nafasi ya kweli, katika kundi la kwanza au la pili, pamoja na watu wanaoelewana naye? Kama jibu la swali hili la mwisho ni hapana, hata mtoto aliye tayari asipelekwe kukaa jukwaani amevaa suti. Kukaa mechi mbili au tatu akitazama kutoka juu kunaweza kumfundisha. Kukaa wiki tatu kunamla.

Nije kwa kocha, maana hapa ndipo vipaji vingi huzikwa. Kijana mbunifu atapoteza kisahani. Atajaribu kumpita mtu kwenye mstari wa buluu, unaotenga eneo la kila timu, atapokonywa, na wapinzani watakwenda kufunga. Kocha mwenye hofu humfungia benchi mpaka mechi iishe. Akifanya hivyo mara tatu, mtoto anapata somo ambalo kocha hakukusudia: kwamba salama ni kukirusha mbali kisahani na kukimbilia benchi. Tangu siku hiyo una mchezaji wa kawaida. Dawa ninayoiamini ni kumrudisha uwanjani zamu inayofuata, kisha mzungumze kesho. Kesho hiyo msimwonyeshe video ya makosa yake yote. Mwonyesheni vipande vitatu au vinne, kimoja kikiwa cha jambo alilofanya vizuri, na yeye aanze kusema anaona nini kabla kocha hajafungua mdomo. Mara nyingi atalitaja kosa mwenyewe.

Pia wawekeane mpaka ulio wazi wa mahali pa kubahatisha. Katika eneo la wapinzani, jaribu utakalo. Ukipokonywa huko bado kuna wenzako nyuma. Kwenye mstari wenu wa buluu, wakati wenzako wameshaanza kupanda, hapana, pitisha kisahani ukutani ukasalimike. Mpaka wa namna hiyo mtoto anauelewa, anaukubali, na haumwondolei ubunifu. Lakini ukimwambia tu awe mwangalifu, hujamwambia kitu. Ataogopa kila mahali.

Jambo jingine la kocha ni kutobadilikabadilika. Nail Yakupov alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2012, na msimu wake wa kwanza, uliofupishwa na mgomo wa waajiri, alifunga mabao 17 katika mechi 48. Si haba kwa mtoto wa miaka 19. Lakini katika misimu yake minne Edmonton makocha wakuu walibadilishwa tena na tena, kila mmoja akitaka kitu chake, na kufikia mwaka 2018 alikuwa ameshaondoka NHL. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu peke yake. Nadai kwamba hakuna kipaji kinachopaswa kulelewa hivyo. Klabu ikimbadilisha kocha, basi yule anayemfundisha kijana ufundi, yule wa mazoezi ya ziada baada ya wengine kuondoka, abaki yule yule. Wazazi, hilo mnaweza kuliomba kwa heshima kupitia kwa wakala, na klabu nzuri hulielewa.

Makipa wana kalenda yao. Connor Hellebuyck alichaguliwa wa 130 mwaka 2012, akaenda chuo, akaenda AHL, akaingia Winnipeg mwaka 2015, na mwaka 2025 akachukua Tuzo ya Hart. Mwenye mtoto kipa asianze kuhesabu kabla hajafika miaka 23.

Tuingie nyumbani, kwa kuwa mchezaji wa miaka 19 ni mtoto anayeishi mji wa watu. Msimkodishie nyumba ya peke yake katika mwaka wa kwanza. Crosby aliishi kwa mkongwe Mario Lemieux, na haikuwa kwa kukosa kodi ya pango. Joe Thornton alichaguliwa wa kwanza mwaka 1997, akaingia Boston akiwa na miaka 18, na katika mechi 55 za msimu ule wa kwanza alipata mabao 3 na pasi 4 tu. Baadaye alifikisha pointi 1,539. Na Macklin Celebrini, wa kwanza wa mwaka 2024, alipofika San Jose alipokelewa kuishi nyumbani kwa familia ya Thornton. Sioni mlezi bora kuliko yule aliyepitia msimu wa mabao matatu akatoka salama. Kama klabu haina mzee wa namna hiyo, mtafutieni familia yenye watoto, yenye chakula cha saa maalumu, yenye mtu atakayeuliza umelala saa ngapi. Ligi za vijana hufanya hivyo miaka yote. Wachezaji hukaa kwa familia za wenyeji. Kwa nini mtoto huyo huyo, mwaka mmoja tu baadaye, aachwe na jokofu tupu?

Usingizi na chakula vinashinda mazoezi mengi. Msimu wa NHL ni mechi zaidi ya 80, AHL 72, na safari za usiku zisizokwisha. Kijana aliyezoea chuo huishiwa nguvu ifikapo Januari, na watu hudhani kipaji kimepungua. Wali, ugali, maharage na samaki havina ubaya wowote. Ongeeni na mtaalamu wa lishe wa klabu ampangie vyakula anavyovijua. Kwa Waislamu, Ramadhani sasa inaangukia katikati ya msimu. Lisemeni kwa daktari wa timu wiki kadhaa kabla, wala asifiche na kufunga kimya kimya mpaka azimie. Yumo Nazem Kadri mbele yenu, Mwislamu aliyelelewa miaka kadhaa kati ya ligi ya vijana na AHL kabla ya kutulia NHL, akabeba Kombe la Stanley na Colorado mwaka 2022, na siku yake ya kombe akalipeleka msikitini kwao London, Ontario.

Kuhusu fedha nitasema bila kuzunguka. Ukoo ukisikia mtoto amesaini NHL, kila harusi, kila ada na kila kiwanja kitamgeukia. Mkataba wa kwanza una kikomo cha mshahara kwa mwaka, na ni wa pande mbili: akiwa AHL mshahara ni sehemu ndogo sana ya huo, chini ya dola 100,000. Kodi itoke, wakala alipwe, na mafunzo ya kiangazi yagharimiwe. Wazazi wakae na wazee wa ukoo mapema, waweke kiasi kimoja cha kusaidia kwa mwaka, kitolewe na baba au mama na si na mtoto mwenyewe. Simu ya shangazi anayeomba karo isimfikie mtoto saa mbili kabla ya mechi. Kumkinga namna hiyo si uchoyo.

Ubaguzi upo, na kumficha mtoto si kumlinda. Mwaka 2022 mchezaji wa timu pinzani katika AHL alifungiwa mechi 30 kwa ishara ya kibaguzi aliyomfanyia Imama. Adhabu za namna ile hupatikana kwa urahisi jambo likiripotiwa na wenzake wakisimama naye. Mfundisheni kijana kwamba akitukanwa kwa rangi yake amwambie mwamuzi papo hapo, kisha nahodha, kisha klabu, na kwamba kuripoti si udhaifu. Na kabla ya kusaini, mwulizeni meneja ana kwa ana: jambo hili likitokea, mtafanya nini? Akibabaika, mmeshajibiwa.

Hivyo hivyo kwa kichwa kilichogongwa. Chipukizi huficha kizunguzungu kwa kuogopa kupoteza nafasi. Akikosa mechi kumi atapoteza mechi kumi. Akirudi kabla ya kupona anaweza kupoteza mengi zaidi. Chama cha wachezaji kwa pamoja na NHL kina mpango wa msaada wa siri kwa mwenye msongo, ulevi au huzuni. Namba yake awe nayo tangu siku ya kwanza ya kambi, wakati bado ana furaha.

Mkikutana na klabu kiangazi hiki, ingieni na maswali yaliyoandikwa. Mtoto atacheza dakika ngapi kwa mechi, na katika kundi gani? Nani atamfundisha ufundi, na je, atabaki yule yule msimu mzima? Ataishi kwa nani? Akirudishwa chini, nani atamwambia, na ataambiwa afanyie kazi jambo gani? Meneja akiwapa majibu ya kueleweka, msainisheni kijana na mwacheni afanye kazi, hata kama majibu hayo yanampeleka AHL miaka miwili. Akiwajibu kwa sifa za mtoto na ukubwa wa uwanja wao, inukeni, mshukuruni, mkaongee na wakala upya.